Utafiti wa Tabianchi Singida: Ushirikiano wa Sekta Unaoanzia na Kurudi Kijijini

Na Mwandishi Wetu, Singida

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba, maelfu ya kaya za Mkoa wa Singida hufanya uamuzi mmoja ambao ni vigumu kuurekebisha baadaye: kupanda nini, mbegu ya aina gani na kwa tarehe ipi. Mbegu ikishaingia ardhini, akiba ya kaya imeingia pamoja nayo. Mvua ikikatika kwa wiki tatu wakati mahindi yanachanua, hakuna mbolea wala dawa inayoweza kurejesha kilichopotea.

Taarifa zinazoweza kuusaidia uamuzi huo zipo, lakini zimetawanyika. Takwimu za mvua ziko Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Sifa za mbegu ziko katika vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Kumbukumbu za maji ya ardhini ziko Bodi ya Maji Bonde la Kati, hali ya misitu iko Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na historia ya miaka ya njaa na ya neema iko vichwani mwa wazee wa Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo. Mabadiliko ya tabianchi hayagawanyiki kwa mipaka ya ofisi hizo, na mkulima hana muda wa kuzizungukia zote kabla ya kupanda.

Makala haya yanaeleza namna ushirikiano wa sekta mbalimbali katika utafiti na hatua za tabianchi unavyojengwa katika ngazi ya mkoa, halmashauri na kijiji, historia inafundisha nini, sheria zinasema nini, na mwananchi ana nafasi gani.

MKOA NA MAZINGIRA YAKE

Singida ni miongoni mwa mikoa ya kanda ya kati yenye hali ya nusu ukame. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, mkoa una wakazi zaidi ya milioni 2. Una wilaya tano za Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni, na halmashauri saba: Manispaa ya Singida na Halmashauri za Wilaya za Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi.

Sehemu kubwa ya mkoa hupata mvua za kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, katika msimu mmoja unaoanza Novemba na kumalizika Aprili. Kuwa na msimu mmoja kunaongeza uzito wa kila kosa. Mkulima wa mikoa yenye vuli na masika anaweza kufidia msimu ulioharibika ndani ya mwaka huohuo, ilhali mkulima wa Singida husubiri hadi Novemba nyingine.

Mazao makuu ni alizeti, mtama, uwele, mahindi na vitunguu. Manyoni imeingia pia katika kilimo cha korosho cha mashamba ya pamoja. Mkoa ni maarufu kwa kuku wa kienyeji na asali. Magharibi kuna vichaka vya Itigi, uoto wa aina ya pekee unaopatikana katika maeneo machache sana duniani, na ambao unapungua kutokana na upanuzi wa mashamba na ukataji wa kuni na mkaa. Kaskazini kuna Ziwa Kitangiri na ardhi oevu ya Wembere. Ndani ya Manispaa kuna maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, wakati maji ya kunywa ya mji hutegemea visima virefu, ambavyo navyo hutegemea mvua inayopenya ardhini.

KWA NINI SEKTA MOJA HAITOSHI

Mfano ulio karibu zaidi ni alizeti. Zao hili limeipa Singida jina, na mwaka 2021 Serikali iliutaja mkoa huu, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa wa kimkakati katika kupunguza uagizaji wa mafuta ya kula kutoka nje. Kwa mtazamo wa kawaida, alizeti ni jambo la sekta ya kilimo. Hata hivyo, ua la alizeti hujaza mbegu vizuri zaidi linapotembelewa na nyuki. Nyuki wanahitaji vichaka na misitu yenye maua katika miezi ambayo alizeti haipo shambani. Misitu hiyo inategemea familia na wafanyabiashara wa mji wanapikia nini. Kiuatilifu kinachopuliziwa mchana wakati wa maua huua nyuki, na mfugaji wa nyuki aliye kilomita mbili kutoka hapo hupoteza asali yake. Kilimo, misitu, ufugaji nyuki, nishati na biashara zimo ndani ya punje moja ya alizeti.

Mfano wa pili ni utabiri wa mvua. TMA hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla ya Novemba, ukitumia maneno matatu. Mvua za "wastani" ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo husika. Zilizo chini ya asilimia 75 ni "chini ya wastani", na zinazozidi asilimia 125 ni "juu ya wastani". Kwa eneo ambalo wastani wake ni milimita 600, kiasi chochote kuanzia milimita 450 hadi 750 kinaitwa wastani. Mahindi kwa kawaida huhitaji milimita 500 hadi 800 katika ukuaji wake, na mtama milimita 450 hadi 650. Utabiri ukiwa sahihi kabisa, bado ndani ya neno "wastani" kuna mwaka ambao mtama utazaa na mahindi yatanyauka.

Utabiri unaeleza mwelekeo wa eneo pana, na kazi ya kuutafsiri kuwa ushauri wa shamba inawahitaji watu wengine: mtafiti wa mbegu anayejua aina inayokomaa mapema, afisa ugani anayejua udongo wa kata, na mkulima anayejua shamba lipi hutuamisha maji na lipi hukauka kwanza. Pasipo kikao kinachowakutanisha kabla ya kupanda, kila mmoja hubaki na kipande chake.

Vilevile, hatari haiko upande wa ukame pekee. Tarehe 3 Desemba 2023, katika msimu ulioambatana na El Niño, maporomoko ya tope, mawe na miti kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani katika Mkoa wa Manyara, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wilaya ya Hanang inapakana na Singida. Mkoa unaojiandaa kwa ukame peke yake unakuwa umejiandaa nusu.

HISTORIA INAFUNDISHA NINI

Kanda ya kati na maeneo jirani yana kumbukumbu tatu zinazostahili kuzingatiwa na kila anayepanga mradi wa tabianchi.

Ya kwanza ni mpango wa karanga wa Kongwa, katika Mkoa jirani wa Dodoma. Mwaka 1947 Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianza kufyeka mapori ili kulima karanga kwa matrekta katika eneo kubwa. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya hasara ya takriban pauni milioni 36. Mvua hazikutosha, na udongo wenye mfinyanzi uligeuka mgumu kiangazi kiasi cha kuvunja zana. Mambo hayo mawili wenyeji waliyafahamu. Mpango ulitangulia, utafiti wa mahali ukafuata, na maarifa ya wakazi hayakuingizwa katika hesabu.

Ya pili ni Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), iliyoanzishwa mwaka 1986 upande wa kaskazini magharibi wa Singida. Eneo hilo lilikuwa limepoteza miti kwa miongo kadhaa, kwa sababu zikiwemo kampeni za kufyeka vichaka ili kuangamiza mbung'o. Baada ya miche ya vitaluni kutofanya vizuri kama ilivyotarajiwa, waendeshaji wa mradi waligeukia ngitili, utaratibu wa asili wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili litumike kiangazi. Serikali ilitoa wataalamu, Norway ikatoa fedha, Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto (ICRAF) kikapima matokeo, na vijiji vikatunga sheria ndogo kwa kutumia mila zao. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshewa uoto.

Ya tatu ni ya Singida yenyewe. Katikati ya miaka ya 1990, msitu wa miombo wa Mgori, wenye ukubwa wa takriban hekta 40,000 mashariki mwa Wilaya ya Singida, ulikuwa ukielekea kutangazwa hifadhi ya Serikali. Yalifanyika mazungumzo, na usimamizi ukakabidhiwa vijiji vitano vinavyouzunguka, kwa msaada wa kitaalamu wa halmashauri na ufadhili wa Sweden. Kila kijiji kilipima eneo lake, kikatunga sheria ndogo na kuteua walinzi kutoka miongoni mwa wakazi wake. Mgori na Duru-Haitemba ya Babati ni miongoni mwa mifano iliyotangulia Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo iliweka msingi wa kisheria wa misitu ya hifadhi ya vijiji nchini kote. Jambo lililojaribiwa na wanavijiji wa Singida likaingia katika sheria ya nchi.

Kati ya Kongwa kwa upande mmoja, na Shinyanga na Mgori kwa upande mwingine, tofauti haikuwa wingi wa fedha. Kongwa ilikuwa na fedha nyingi zaidi. Tofauti ilikuwa kwamba katika Shinyanga na Mgori maarifa ya mahali yalisikilizwa kabla ya kazi, vipimo viliendelea wakati wa kazi, na mamlaka ya kuamua yalibaki kwa watu walioathirika na matokeo.

Kwa upande wa utafiti, mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti kuhusu vijiji vya Kintinku na Kamenyanga wilayani Manyoni. Waliwauliza wakulima wameona mabadiliko gani ya mvua na joto, kisha wakayalinganisha majibu na kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa. Njia hiyo ya kuuweka ushuhuda wa mkulima na kipimo cha chombo mezani pamoja ndiyo inayofaa kuendelezwa katika kata nyingine, na vijiji vikihusika kuanzia uulizaji wa swali hadi usomaji wa jibu.

WADAU NA WAJIBU WAO

Ushirikiano hudumu pale kila mdau anapojua anatoa nini na anapokea nini. Kwa Singida, mgawanyo ufuatao unaweza kuwa msingi wa majadiliano:

1. Sekretarieti ya Mkoa huratibu. Huwakutanisha wadau, huhakikisha halmashauri saba hazirudii utafiti uleule, na hutunza orodha ya tafiti na miradi iliyopo.

2. Halmashauri hutekeleza. Kupitia maofisa mazingira, kilimo, mifugo, misitu, maji na mipango, huingiza matokeo ya utafiti katika mpango na bajeti.

3. TMA hutoa takwimu na utabiri, na husimamia ubora wa vituo vya kupima mvua. Bodi ya Maji Bonde la Kati, yenye makao yake mjini Singida, hutoa taarifa za mito, maziwa na maji ya ardhini.

4. Taasisi za utafiti na vyuo vikuu, zikiwemo TARI, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, hubuni utafiti, hufunza vijana wa maeneo husika na hurejesha matokeo kwa lugha inayoeleweka.

5. Sekta binafsi, yaani viwanda vya kukamua alizeti, wauzaji wa mbegu na zana, wanunuzi wa asali, benki na kampuni za bima, hutoa soko, mitaji na taarifa za ubora wa mazao. Kiwanda kinachopima kiwango cha mafuta katika mbegu kina takwimu ambazo mtafiti angezihitaji.

6. Asasi za kiraia, vyama vya ushirika na taasisi za dini husaidia elimu, uhamasishaji na ufuatiliaji.

7. Redio za jamii na vyombo vingine vya habari hufikisha utabiri na ushauri kwa wakati, na hurudisha maswali ya wananchi kwa wataalamu.

8. Kijiji, kupitia Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu, huchagua tatizo la kutafitiwa, hutoa eneo la shamba darasa, hushiriki kupima na huamua matumizi ya matokeo.

Nafasi ya nane imewekwa mwisho kwa sababu ndiyo inayobeba zile saba. Mradi unaweza kukosa mdau mmoja wa juu na ukaendelea kwa shida, lakini ukikosa kijiji hauna mahali pa kusimama.

MSINGI WA KISHERIA

Wadau hawalazimiki kusubiri sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa kuwa na maofisa na kamati za mazingira. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinakiwezesha kijiji kutenga maeneo ya kilimo, malisho, makazi na hifadhi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji.

Kuhusu utafiti, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ndiyo yenye dhamana ya kuratibu shughuli za utafiti nchini. Mtafiti anayefika kijijini anapaswa kuwa na kibali na barua za utambulisho kutoka mamlaka husika hadi kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mkulima anayehojiwa: ana haki ya kuelezwa taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani na zitatumikaje.

Ni vyema pia kutofautisha maneno mawili. Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi una sheria yake na unahusu uwekezaji wenye mgawanyo wa gharama, vihatarishi na mapato. Ushirikiano wa utafiti unaweza kuanza kwa hati ya makubaliano inayoeleza wajibu, muda, umiliki wa takwimu na namna ya kurejesha matokeo. Wadau wengi hukwama kwa kudhani kwamba hawawezi kuanza la pili mpaka wakamilishe masharti ya lile la kwanza.

HATUA ZA KUJENGA USHIRIKIANO

Hatua ya kwanza ni kuchagua swali moja linalowagusa wote. "Kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi" ni kaulimbiu. "Ni aina gani ya alizeti inayokomaa kabla ya mvua kukatika katika kata yetu?" ni swali linaloweza kujibiwa ndani ya misimu mitatu.

Hatua ya pili ni kukusanya kilichopo kabla ya kutafuta kipya. Kumbukumbu za mvua za shule, misheni na vituo vya kilimo, ripoti za visima, tafiti za wanafunzi wa vyuo vikuu na masimulizi ya wazee vikiwekwa pamoja huonyesha pengo halisi liko wapi.

Hatua ya tatu ni kupima pamoja. Kipima mvua ni chombo cha bei nafuu ambacho mwalimu, mwanafunzi au mkulima anaweza kukisoma kila siku saa tatu asubuhi. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa ekari moja, mvua ya milimita 10 ni zaidi ya lita 40,000. Mwananchi anayejua hesabu hiyo huelewa thamani ya makingamaji na ya bwawa dogo bila kuhitaji hotuba ndefu. Vipimo hivyo vitumike sambamba na vya vituo rasmi, kwa maelekezo ya TMA, ili viwe na ubora unaokubalika.

Hatua ya nne ni kujaribu kwa kiwango kidogo. Shamba darasa la aina tatu za mbegu na njia mbili za kuhifadhi unyevu, likiwa katika eneo ambalo watu hupita, hufundisha kuliko semina. Vivyo hivyo kisiki hai, njia ya kuchagua na kutunza machipukizi ya miti iliyokatwa, ambayo imetumika katika Mkoa wa Dodoma, huanza na shamba moja kabla ya kuenea.

Hatua ya tano ni kurejesha matokeo kwa kalenda ya mkulima na ya Serikali. Mavuno yakimalizika, matokeo yasomwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji kati ya Juni na Agosti. Septemba na Oktoba wadau wakutane kutafsiri utabiri wa msimu. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1 na maandalizi ya bajeti za halmashauri huanza miezi kadhaa kabla, hoja zinazohitaji fedha zifike kwenye vikao vya kata na halmashauri mapema. Matokeo mazuri yanayowasilishwa baada ya bajeti kupitishwa husubiri mwaka mzima.

Hatua ya sita ni kutathmini kwa uwazi, pamoja na yaliyoshindikana. Jaribio lililoshindikana Iramba likitangazwa, linaiokoa Ikungi isirudie hasara ileile.

FEDHA NA UENDELEVU

Miradi mingi ya mazingira huanza kwa fedha za wafadhili, na swali la haki ni nini hubaki wanapoondoka. Mkoani Singida, Wilaya ya Mkalama imekuwa miongoni mwa maeneo ya Mradi wa Kurejesha Ardhi Iliyoharibika na Kuongeza Usalama wa Chakula (LDFS), uliotekelezwa na Ofisi ya Makamu wa Rais kwa ufadhili wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo. Wilaya nyingine ni Kondoa, Nzega, Magu na Micheweni ya Pemba. Faida mojawapo ya mpangilio huo ni kwamba wilaya zenye tatizo linalofanana, lakini zilizo katika mikoa tofauti, hupata nafasi ya kujifunza kwa pamoja.

Zipo pia njia nyingine. Mwaka 2019 Benki ya CRDB ilipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, na mwaka 2021 iliidhinishiwa programu ya dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya teknolojia za kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi. Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 zimefungua mlango mwingine. Katika Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, jirani na Mkalama, jamii za Wahadzabe na Wadatoga hulinda misitu yao na kupata mapato ya kaboni kupitia makubaliano na kampuni binafsi. Kijiji kinachofikiria njia hiyo kinashauriwa kuwa kwanza na mpango wa matumizi ya ardhi, na kupata ushauri wa halmashauri na wa kisheria kabla ya kutia saini mkataba wa muda mrefu. Kwa ngazi ya kaya, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza kugharamia mizinga ya kisasa, majiko banifu au vitalu vya miche.

Hata hivyo, sehemu ya kazi hii haihitaji fedha nyingi. Kusoma kipima mvua, kutunza daftari, kuitisha kikao kabla ya Novemba na kubandika matokeo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji ni mambo yanayohitaji mpangilio na uaminifu zaidi ya bajeti.

MAMBO YANAYOKWAMISHA

Jambo la kwanza ni utafiti usiorudi. Wananchi wanaohojiwa mara kwa mara bila kuletewa majibu huchoka, na mtafiti anayefuata hupewa majibu ya kumridhisha. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa takwimu zisizo za kweli huzaa mipango isiyo ya kweli.

La pili ni kila taasisi kuwa na kamati yake. Wajumbe walewale wa kijiji hujikuta katika kamati ya maji, ya mazingira, ya maafa na ya mradi, wakijadili ukame uleule katika siku nne tofauti. Kuziunganisha ajenda kunaokoa muda bila kuvunja sheria yoyote.

La tatu ni kusahauliwa kwa wafugaji, wanawake na wawindaji-wakusanyaji. Mwanamke anayetembea kwenda kisimani ndiye wa kwanza kujua kina cha maji kimeshuka. Mfugaji anayehamisha mifugo kuelekea Wembere ndiye anayejua malisho yameisha wapi. Wahadzabe wa Mkalama wanajua mimea ya porini inayotoa chakula katika mwaka wa njaa. Mkutano usiowasikia hao huwa umepunguza maarifa yake wenyewe.

La nne ni uhamisho wa watumishi. Ushirikiano unaomtegemea afisa mmoja mwenye bidii huondoka naye. Hati ya makubaliano, daftari la takwimu na nakala zinazotunzwa kijijini na halmashauri ndizo zinazobaki.

WAJIBU WA MWANANCHI

Mwananchi anayesoma makala haya anaweza kuanza na maswali manne. Aulize katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, ni tafiti gani zimefanyika kijijini na matokeo yake yako wapi. Amuulize afisa ugani utabiri wa msimu unamaanisha nini kwa kata yake na mbegu ipi inashauriwa. Amuulize mtafiti anayefika nyumbani kwake kibali chake, lengo lake na siku atakayorudi na majibu. Na ajiulize mwenyewe anatunza kumbukumbu gani: tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya kupanda, siku za ukavu na magunia yaliyovunwa. Daftari la miaka kumi la mkulima mmoja lina uzito mbele ya mtaalamu yeyote.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 imeuweka uhifadhi wa mazingira na ustahimilivu wa mabadiliko ya tabianchi kuwa miongoni mwa nguzo zake. Nguzo hiyo itapimwa kwa ripoti za kitaifa, lakini pia kwa jambo dogo zaidi: iwapo mkulima wa Ihanja, wa Kinyangiri au wa Kintinku, anapofungua mfuko wa mbegu Novemba, atakuwa ameshapata jibu la swali alilouliza Juni. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vya Singida vipo na vinafahamika. Kilichobaki ni kuvikutanisha kabla ya mvua ya kwanza.